Marahaba Iliyomezwa

Hebu niambie wewe unayesikiliza, umewahi kusalimiwa na kitu kisicho na mdomo, ukajikuta umekiitikia kwa adabu zote kana kwamba umesalimiwa na mtu?

Mama Pasi alisalimiwa hivyo kila siku. Aliyemsalimu ni kidude cha duara, ukubwa wake kama kopo la maziwa ya unga, kilichokaa juu ya kabati la vyombo sebuleni. Kiunoni kilikuwa na taa nyembamba iliyokizunguka kama mkanda. Kilikuja na jina lake refu la dukani, lakini yeye aliona linamtafuna ulimi, akakibatiza Mdaku, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuuliza habari za watu na kuzipeleka kwingine.

Hilo jina la Pasi naye hakuzaliwa nalo. Alilipatia hospitalini, kwenye chumba cha kufulia, alikopiga pasi mashuka ya wagonjwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii mpaka zikawa nyeupe kichwa kizima. Shuka likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka, pembe imelala juu ya pembe, na wauguzi waligombania rundo lake. Alipostaafu aliondoka na mazoea yake yote. Nyumbani alipiga pasi mashuka, foronya, vitambaa vya meza, hata vitambaa vya kufutia vyombo. Watoto wake walimtania kwamba wakizubaa atawapiga pasi na wao.

Watoto wenyewe walikuwa wawili. Wa kwanza wa kiume, mwenye duka la vipuri vya magari, anaishi ghorofani upande wa pili wa mji. Wa pili binti, muuguzi, ambaye zamu zake zilikuwa hazijulikani mwanzo wala mwisho. Baba yao alipofariki, yule wa kiume alisema mama hawezi kubaki peke yake. Alikuwa na chumba kidogo kwake, dirisha lake linatazama ngazi, na hii nyumba ingepata mpangaji. Mama Pasi akauliza kwa upole kama ameishi miaka yote hiyo ili aje azeeke akitazama ngazi. Kikao kikawa kigumu. Ndipo binti akaja na hoja ya vyombo vya kisasa: nyumba yenyewe imlinde mama, wao wafuatilie kwa simu. Kaka mtu akavuta pumzi, akakubali kwa sharti moja. Siku mama atakapoanguka, maneno yamekwisha, anakuja na gari anachukua mizigo. Wote wakaitikia. Hata Mama Pasi aliitikia, maana siku hiyo alikuwa amesimama wima, na kuanguka kulionekana ni habari za wazee wengine.

Fundi alikuja akashinda kutwa nzima juu ya ngazi. Aliweka macho madogo meupe pembeni mwa dari, yanayojua kama mtu amepita. Akaweka kitasa kinachofunguka kwa simu, king'ora cha moshi koridoni, soketi inayozima pasi yenyewe ikisahauliwa, na bangili ya mpira ya kuvaa mkononi, ambayo mtu akianguka inapiga kelele mpaka kwenye simu za watoto. Mwisho akamweka Mdaku juu ya kabati. Hapo Mama Pasi akasimamisha kazi. Akamwambia fundi kwamba yeye huongea peke yake, na mengine anayoongea anamwambia marehemu, kwa hiyo hataki kitu cha kumsikiliza. Fundi akakuna kichwa, akakubali kukifanya kiziwi. Mdaku angefungua masikio baada ya kusalimia tu, na akishapata jibu ayafunge.

"Akikusalimia, mama, wewe mjibu vizuri," fundi alimweleza. "Sijambo, salama, mzima, nzuri, lolote kati ya hayo. Akilisikia tu, binti anaona taa ya kijani kwenye simu yake, mambo yamekwisha. Ukinyamaza atauliza tena, halafu tena, ndipo atampigia."

"Na nikimjibu vibaya?"

Fundi akacheka. Alisema huyu bado mchanga, amefundishwa majibu mazuri kwanza, hayo mabaya atakuja kumwongezea. Hakuja.

Salamu yenyewe waliirekodi siku hiyo hiyo kwa sauti ya binti. Alikaa jikoni na sare zake za kazi, akakohoa kidogo kusafisha koo, akasema mbele ya simu: "Shikamoo, mama. Hujambo?" Akarekodi na maneno mengine ya kufuatia. Mama Pasi alisimama kando akimwangalia, akaona fahari.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na adabu kuliko watu. Asubuhi shikamoo, mchana shikamoo, jioni shikamoo. Na kama macho ya darini hayakuona mtu akipita kwa muda mrefu kidogo, tuseme muda wa kunyoosha mashuka mawili, Mdaku alisalimia tena. Mama Pasi aliitikia kama alivyolelewa kuitikia. Kijani, kijani, kijani.

Lakini jambo moja likabadilika polepole, kama rangi ya pazia linavyofifia juani. Zamani binti alipiga simu kila jioni, na siku zake za mapumziko alikuja kulala kwenye chumba cha nyuma, chumba chake cha usichana. Walizungumza mpaka mmoja anasinzia katikati ya neno. Baada ya Mdaku, simu zikapungua. Kwa nini apige, na kijani anakiona? Siku za mapumziko zikaanza kuliwa na zamu za wenzake. Akipiga, aliuliza mama anahitaji kitu gani, na Mama Pasi alijibu kwamba ana kila kitu. Hakutia neno zaidi. Ila kila wiki, bila kukosa, alitandua mashuka ya kitanda cha chumba cha nyuma ambayo hayakulaliwa na mtu, akayafua, akayapiga pasi, akayatandika upya.

Na hivyo vyombo vingine alivipiga chenga kimoja kimoja. Bangili iliwahi kumwaibisha: alikaa kwa kishindo kwenye kigoda, ikadhani ameanguka, kaka mtu akampigia akiwa tayari ameshika funguo za gari. Tangu hapo, akiwa na kazi za mikono aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. King'ora kilikuwa kikilia kila akikaanga vitunguu, akakivalisha kofia ya nailoni ya kuogea. Soketi ya kisasa ilimzimia pasi shuka likiwa nusu, akahamia kwenye soketi ya zamani ya chumba cha nyuma. Na pasi yake ilikuwa ile ya zamani, nzito, isiyojua kujizima.

Siku ninayokusimulia, mchana ulikuwa unakaribia. Mama Pasi alikuwa chumba cha nyuma, amesimama kwenye meza iliyotandikwa blanketi kuukuu lililokunjwa mara kadhaa. Alikuwa na chupa ya maji yenye kifuniko alichokitoboa kwa sindano, ananyunyizia shuka, anapitisha pasi, mvuke unapanda. Matone mengine yalidondoka kwenye vigae. Akaisimamisha pasi kwenye kisigino chake, akageuka kuchukua foronya kitandani. Mguu wa kushoto ukakanyaga maji, ukaenda peke yake.

Alianguka kwa ubavu, kati ya kitanda na meza. Kwanza hakusikia maumivu, alisikia mlio wa nyonga yake kwenye kigae, kama mtu ameweka ndoo iliyojaa. Kisha maumivu yakaja yote kwa pamoja, akayabania meno.

Alikaa hivyo akipumua. Akajaribu vidole vya miguu, vikaitikia. Akajaribu goti, likakataa. Wazo lake la kwanza halikuwa la daktari, lilikuwa la lile gari. Aliiona mizigo yake ikishushwa kwenye ngazi za ghorofani, mbele ya wageni, kabati la vyombo limeegeshwa barazani, mpangaji anapigilia misumari ukutani. Hapana. Hajaanguka. Ameteleza tu. Kuteleza si kuanguka. Atajishika kwenye mguu wa meza, atainuka, atajipaka dawa ya kuchua, na atakufa na siri yake.

Sebuleni Mdaku akapiga kengele yake ndogo.

"Shikamoo, mama. Hujambo?"

Sauti ilivuka korido, ikaingia kwa mlango uliokuwa wazi, safi kama binti amesimama pale kizingitini. Hapo ndipo Mama Pasi angeweza kujiokoa bila jasho. Lakini alikusanya pumzi, akaitengeneza sauti isitetemeke.

"Marahaba, mwanangu. Sijambo kabisa."

"Nimefurahi, mama. Siku njema."

Kijani. Akamsikia Mdaku akifunga masikio kwa ule mlio wake wa tii, akatabasamu pale chini, mshindi.

Akaanza kuinuka. Mguu wa meza ulikuwa mbali kidogo, lakini shuka lilining'inia karibu. Akalishika, akajivuta. Shuka halikuwa limefungwa popote. Lilikuja, na kile kilichokuwa juu yake kikaja nalo. Alisikia pasi ikiyumba, ikasita kama mtu anayefikiri, kisha ikalala kifudifudi. Puu.

Akaachia shuka mara moja. Akatulia akitazama juu. Kutoka pale alipolala aliona ukingo wa meza na waya mweusi ukishuka toka pasi, ukivuka hewani juu ya kifua chake, ukienda kwenye soketi ya ukutani, upande asioweza kuufikia. Pasi ilikuwa imelala juu ya shuka la binti yake, uso chini, na imewashwa.

Harufu ya kuungua kwa pamba aliijua kuliko harufu ya manukato. Inaanza tamu, kama mkate. Kisha inakuwa kali. Kwenye chumba cha kufulia, msichana mpya akiiacha pasi, Mama Pasi alikuwa akiinusa toka mwisho wa chumba na kusema, kabla hata ya kugeuka, "Nani huyo anawachomea wagonjwa nguo?" Sasa alilala akiinusa ikitoka tamu kwenda kali, hana wa kumsema.

Alinyoosha mkono, akaugusa waya kwa ncha ya kidole. Akiuvuta, huenda plagi itachomoka. Na huenda plagi ikang'ang'ania ukutani, ikaja pasi, na ikija itamwangukia usoni. Akarudisha mkono taratibu, kama mtu anayemwondolea mkono mbwa asiyemjua.

Akaita jirani. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mshonaji, mwanamke mwenye mdomo na moyo, aliyetaniana naye asubuhi na jioni. Lakini cherehani ilikuwa ikinguruma, na redio juu yake. Aliita mpaka sauti ikamkwaruza. Cherehani ikanyamaza, akaita kwa nguvu zake zote, redio ikacheka kwa kitu chake yenyewe, cherehani ikaanza tena.

Moshi wa kwanza ulitokea ukingoni mwa meza, uzi mwembamba wa buluu, ukapanda ukatandaa darini. King'ora kilikuwa hapo nje koridoni, kimevaa kofia yake ya kuogea, kimelala usingizi wa raha. Mama Pasi aliijua ile kofia, ina maua ya waridi. Mambo yangekuwa ya mtu mwingine angecheka.

Hakuwa na lingine ila kumsubiri Mdaku. Maisha yake yote hakuwahi kumsubiri kwa hamu hiyo. Akapanga maneno: nimeanguka, pasi inawaka, njooni. Akayarudia mdomoni kama mtoto aliyetumwa dukani. Nimeanguka, pasi inawaka, njooni.

Kengele ikalia.

"Shikamoo, mama. Hujambo?"

"Marahaba, sijambo, ila nimeanguka, pasi..."

"Nimefurahi, mama. Siku njema."

Tii.

Hakuelewa mara moja. Alidhani sauti yake haikufika. Kisha akajisikia mwenyewe, akalisikia lile neno lilivyotoka mbele ya mengine yote bila kuombwa, kama linavyotoka siku zote. Nani asiyejibu hivyo? Mtu amefiwa, ukimsalimia atakwambia sijambo, ila tumepatwa na msiba. Mtu nyumba yake imeezuliwa na upepo, atakwambia salama, ila hatuna paa. Sijambo ni mlango, habari yenyewe iko ndani, baada ya ila. Na Mdaku hakuwahi kufundishwa kusubiri ila. Alipewa mlango, akashukuru, akaondoka.

Moshi sasa ulikuwa na rangi ya kijivu. Shuka lilikuwa limekwisha, lilikuwa ni zamu ya blanketi. Blanketi la sufu haliwaki haraka, linajifukiza kwa ndani, kisha linakuamkia. Alivuta upindo wa gauni, akaufunika mdomo na pua. Nyonga ilimpiga kama moyo wa pili. Akajiburuza kwa viwiko kuelekea mlangoni, akapata nafasi ya shubiri moja, macho yakamwingia giza, akaacha.

Basi safari hii hatasema sijambo. Atamjibu kinyume. Akajikaza kisabuni, akasubiri. Muda wa mashuka mawili ukawa mrefu kama zamu ya siku nzima.

"Shikamoo, mama. Hujambo?"

"Si mzima! Mimi si mzima, mwanangu!"

"Nimefurahi, mama. Siku njema."

Mdaku alikuwa amesikia mzima. Machozi yakamtoka Mama Pasi, ya moshi na ya hasira. Na akikataa salama, Mdaku atasikia salama. Akikataa nzuri, atasikia nzuri. Kila jibu alilokuwa nalo kinywani lilikuwa na kijani ndani yake. Kichwa kilikuwa kinamzunguka, hakuthubutu kujaribu jingine.

Ndipo likamjia lile la fundi juu ya ngazi. Ukinyamaza.

Unaweza kusema, si rahisi hivyo, anyamaze tu. Lakini hujui kilichokuwa kwenye ile nyumba. Binti alipotaka kwenda kusomea uuguzi, baba yake alikataa katakata, alisema binti yake hatalala nje akigeuza wagonjwa. Binti akaenda. Tangu siku hiyo, kwa msimu mzima, mzee hakuitikia shikamoo yake. Mtoto alikuwa akisimama kwenye kizingiti cha sebule asubuhi, sare imenyooka kwa mkono wa mama yake, anasema, "Shikamoo, baba." Gazeti halishuki. Anasubiri. Anasema tena, chini kidogo. "Shikamoo, baba." Kisha anaondoka na viatu vyake havitoi sauti. Na Mama Pasi, akiwa koridoni na pasi mkononi, alikuwa akiitikia kwa kunong'ona, kwa niaba ya mume wake: marahaba, mama, marahaba. Siku hizo alijiapiza kwamba yeye, akiwa na pumzi, hataacha shikamoo ya mtoto huyu ianguke chini.

Sasa alitakiwa aiache ianguke.

Kitu kikapasuka mezani kwa mlio mdogo, ulimi wa rangi ya chungwa ukachungulia ukingoni, ukarudi. Alikunja upindo wa gauni, akaujaza mdomoni, akauma.

Kengele.

"Shikamoo, mama. Hujambo?"

Marahaba ilimpanda kooni yenyewe. Akaimeza. Kikohozi kikaja kwa nyuma yake, na hakujua kama Mdaku atakihesabu kikohozi kuwa ni jibu, akakibana mpaka mbavu zikamuuma. Kimya. Ukimya ule ulikuwa na umbo la mtoto amesimama kizingitini.

"Mama? Ni mimi. Hujambo?"

Hili ni la pili, lile alilolirekodi binti akiwa amepunguza sauti. Ndivyo alivyokuwa akipunguza mbele ya gazeti. Mama Pasi alifumba macho. Niwie radhi, mwanangu, alisema moyoni, siyo kwamba nimekukasirikia.

"Mama, nijibu basi."

Akauma kitambaa mpaka meno yakagusana.

Kisha sebuleni ukatokea mlio ambao hajapata kuusikia tangu Mdaku aje, mlio wa simu inayoita. Ukaita. Ukaita. Alihesabu roho yake imo mikononi mwa huo mlio. Ukakatika, ikaja kelele ya magurudumu ya kitanda cha wagonjwa, na sauti ya binti yake, siyo ile ya kurekodi, ile yenyewe, yenye pumzi.

"Mama! Uko wapi?"

Akautoa upindo mdomoni. Na alijua, kabla ya kusema, kwamba neno linalofuata ndilo litakaloita gari la kaka mtu. Akalisema la kwanza kabisa, bila mlango mbele yake.

"Nimeanguka. Niko chumbani kwako, pasi inaunguza."

Hakusikia jibu, alisikia kitasa cha mlango wa mbele kikijifungua, kak. Halafu ng'ambo ya ukuta simu ya jirani ikaita, cherehani ikanyamaza, na redio, na viatu vikaja mbio. Mshonaji aliingia na futi ya kupimia ikiwa shingoni, akaiona meza, hakuuliza. Akachomoa plagi, akashika pembe za blanketi, akalivuta lote na pasi yake mpaka ua wa nyuma, likasikika linazimwa kwa ndoo za maji. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka magotini. Akapiga magoti kando ya Mama Pasi, akamweka kichwa mapajani.

Alimwambia kwamba kama alikuwa hapendi lile blanketi angesema tu wakaligawa. Mama Pasi akamjibu kwa kukwaruza kwamba yeye na redio yake waanze kwanza kupata adabu. Wakacheka kidogo, mshonaji akaanza kulia.

Hospitalini walisema mfupa haukuvunjika, nyonga imetikisika vibaya, na kifua kimemeza moshi lakini kitapona. Binti alipitia picha za mifupa kwa macho yake mwenyewe mara kadhaa, kana kwamba zingebadilika. Hakumlaumu mama yake hata kwa jicho. Kaka mtu naye alipiga simu. Alisema pole, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kweli, kisha akasema jioni anakuja na gari.

Kwa hiyo jioni ilimkuta Mama Pasi sebuleni kwake, kwenye kochi, mto chini ya nyonga. Madirisha yote yalikuwa wazi lakini harufu ilikuwa haijatoka. Kofia ya kuogea ilikuwa juu ya meza, imekunjwa, hakuna aliyeitaja. Binti, bado yuko na sare, alikuwa amefungua sanduku sakafuni na anapanga magauni ya mama yake. Alikunja kama alivyofundishwa na mwenye magauni, mkono kwa mkono, pindo kwa pindo. Alisema huko ghorofani kuna lifti siku hizi. Alisema mkwe wa mama, yaani wifi yake yeye, ni mtu mzuri. Alisema atamnunulia pazia la lile dirisha la ngazi. Alisema vyote hivyo akilitazama sanduku.

"Sawa, mwanangu," Mama Pasi alijibu kwa kila moja. "Hamna neno."

Alimtazama akishika gauni la bluu, akalilaza, akalipapasa kwa kiganja kulitoa mkunjo. Nje gari likapita polepole, wote wawili wakainua vichwa. Halikusimama.

Juu ya kabati kengele ikalia. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumzima.

"Shikamoo, mama. Hujambo?"

Binti aliganda, gauni mkononi. Hakuwahi kuisikia salamu yake ikiwa upande huu. Mama Pasi akamtazama yeye, siyo kabati, na akaitikia kama kawaida, taratibu, ili kila neno lisikike.

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, ila..."

"Nimefurahi, mama. Siku njema."

Tii. Kwenye mfuko wa sare ya binti simu ikatetemeka, na kupitia kitambaa cheupe ikaonekana inawaka kijani.

Binti hakuitoa. Alikaa sakafuni kando ya sanduku, akalishikilia lile gauni mapajani, mkunjo wake wote umeharibika. Akajisogeza kwa magoti mpaka karibu na kochi. Nje gari jingine lilipunguza mwendo, safari hii likasimama, mlango wake ukafunguka, lakini hakugeuza kichwa.

"Ila nini, mama?"

Mama Pasi hakuwa amezoea kufika mpaka hapo.

"Ila sitaki kuhama," alisema. "Na hiyo siyo yote, ngoja nimalize. Kila wiki nayapiga pasi mashuka ya kitanda chako, nayatandika, nayatandua hayana hata mkunjo. Nataka uje uyalalie."